Gome, Spiriti na Mguu wa Mama

Mama yangu ana adabu nyingi akiwa hospitalini. Humwambia asante askari wa getini, asante karani, asante yule anayempima presha, asante daktari, na akipewa dawa dirishani huipokea kwa mikono miwili na kuongeza Mungu akubariki. Wahudumu wanampenda. Mimi adabu hiyo ilikuwa ikinikosesha raha, kwa sababu nilijua maana yake.

Kwao mama, huko magharibi, dawa haishukuriwi. Mtu akikuchimbia mzizi au akikuchunia gome, unapokea, unanyamaza, unaenda zako. Ukisema asante umeiharibu; nguvu yake inarudi kwa aliyekupa na wewe unabaki na maji machungu tu. Nikiwa mdogo niliumwa na tumbo, mama akanipa kikombe cha dawa, nami nilikuwa nimetoka kufundishwa adabu katika shule ya Jumapili, nikasema asante mama. Alinipokonya kikombe, akamwaga dawa yote nje, akawasha jiko upya. Basi mama anapomshukuru mtu wa hospitali, huwa anamwambia kwa upole wote kwamba alichompa si dawa. Vidonge vyake vya sukari vilikuwa vikifika nyumbani kwetu Kapsoya vinapandishwa juu ya kabati la vyombo, kando ya maua ya plastiki, na huko ndiko vilikostaafu.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, kiatu kilimchubua kidole kidogo cha mguu wa kulia. Kilikuwa kiatu cha kuendea harusi, kipya, chembamba mbele, na mama alikivaa kuanzia ibada hadi keki bila kusikia maumivu yoyote. Hilo la kutosikia maumivu lilinitisha, kwa sababu nilikuwa nimesoma jinsi sukari inavyoua hisia za miguu. Yeye lilimfurahisha. Alisema kiatu ni cha kampuni nzuri.

Kidonda kilianza kikiwa kidogo kama punje ya maharagwe ambayo mama huuza sokoni, kisha kikakataa kufunga. Daktari wa kliniki ya sukari alikitazama, akamwambia waziwazi kwamba mambo yakiendelea hivyo mguu unaweza kukatwa. Mama akamwambia asante daktari, akarudi nyumbani, akabandika sufuria ya gome.

Gome hilo ni la mti ambao sitautaja jina. Mama amenikataza, na kwa hili namuunga mkono: mti ukishatangazwa kuwa ni dawa, watu huuchuna hadi ukafa umesimama. Niseme tu kwamba ukililamba, ulimi unawaka kana kwamba umelamba pilipili, na kwamba nyumba yetu ilinuka gome asubuhi na jioni, mama akiwa kwenye kiti cha plastiki, mguu ndani ya beseni, redio ikiimba mapambio. Mimi ni mtu wa kuuliza, tena wa kuuliza hadi nichukiwe. Swali la gome hilo lilikuwa likinisumbua tangu nikiwa na meno ya utoto. Ni kitu gani ndani yake kinachowasha? Na hicho kinachonichoma mimi ulimi, kinavichoma vijidudu pia, au ni mimi tu?

Nilikuwa nikisomea sayansi za tiba, na mwaka huo kila mmoja wetu alitakiwa kuchagua mmea mmoja aupime maabara kama unaua bakteria. Wenzangu walihangaika kutafuta mmea. Wangu ulikuwa unatokota jikoni. Nilimweleza mama akiwa amelowesha mguu.

“Kwa hivyo mtapima dawa yangu na mashine?” aliuliza.

“Si mashine hasa, mama. Tunapanda vidudu kwa sahani, tunaweka dawa, tunaona kama vitakufa.”

“Sawa, mama.” Huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mamake. “Enda upime. Ikishindwa, nitameza hizo vidonge zao zote, na mahali watasema niende nitaenda. Lakini ikiweza, mniwache na mguu yangu. Nisisikie tena mambo ya kukatwa.”

“Na utakubali nikikuambia imeshindwa?”

“Si nimesema?”

Nilitoka jikoni na matakwa mawili. Nilitaka sana gome lifanye kazi, kwa sababu nilikuwa nimelipenda miaka yote hiyo. Na nilitaka lishindwe, kwa sababu nilikuwa nimekitazama kile kidonda kwa karibu mama alipokuwa amelala mchana, na rangi yake haikunipendeza hata kidogo. Mtu angeniuliza siku hizo nilikuwa naomba nini kanisani, ningemdanganya.

Mti ulikuwa upande wa Turbo, mwisho wa shamba la mahindi la mwanamke mmoja anayeimba kwaya na mama. Mama alikataa nitumwe peke yangu. Alichechemea kati ya mistari ya mahindi, mguu umefungwa kitambaa, panga mkononi, akinikemea kila nilipojaribu kumshika mkono. Alichuna kipande upande wa jua kuchomoza na kingine upande wa jua kutua, na sehemu nyingine zote akauacha mti na ngozi yake. Nikauliza kwa nini pande hizo mbili. Akasema ndivyo inavyofanywa. Nikauliza kama upande mmoja una nguvu kuliko mwingine. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama Jumatatu ni tamu kuliko Jumanne. Lakini swali lilikuwa limeshaniingia, kwa hiyo nilitia kila upande katika mfuko wake wa karatasi na kuandika jua asubuhi, jua jioni. Tulipoondoka, mwenye shamba alitusindikiza hadi barabarani. Mama hakumwambia asante na mwenyewe hakuingoja. Waliagana kwa kuzungumzia mvua.

Gome lilikaushwa kivulini, juu ya magazeti, nyuma ya kochi letu. Likakauka vizuri. Shida ilikuwa kulisaga, maana mashine ya kusagia ya maabara ilikuwa imeharibika na fundi alikuwa wa kuja kesho, kesho ambayo haikuwa ikifika. Nikafanya kile ambacho mtu wa Kapsoya angefanya: nikalipeleka kwenye posho mill. Mwenye kinu alinusa mfuko, akapiga chafya, akaniuliza kama nina akili. Nilimwambia ni utafiti wa chuo. Alikubali kwa sharti kwamba baadaye nisage mahindi yangu mwenyewe ili kinu kisafike, na mahindi hayo niondoke nayo. Nilisaga upande wa asubuhi, nikapitisha mahindi, nikasaga upande wa jioni, nikapitisha mahindi mengine. Unga ule mama aliupika ugali. Tuliula kwa machozi, pua zikitiririka, na mama akasema angalau matumbo yetu sasa hayana kidudu hata kimoja.

Maabara niligawanya unga wa gome. Sehemu moja niliiloweka katika spiriti, kama vitabu vinavyosema. Nyingine niliichemsha kama mama anavyochemsha: maji, moto mdogo, hadi rangi ikafanana na chai isiyo na maziwa. Kisha kazi yenyewe. Unapaka bakteria juu ya sahani ya jeli, unapanga vipande vidogo vya karatasi vilivyonyonya dawa, unafunika, unaweka kwenye kabati la joto hadi siku inayofuata. Bakteria wakikua, sahani inafanya ukungu kama kioo cha dirisha kilichopuliziwa pumzi. Karatasi yenye dawa inayofanya kazi huzungukwa na duara safi, mahali ambapo wameogopa kusogea. Bakteria niliowatumia ni wa jamii inayopenda vidonda, ila hawa walikuwa wakifugwa pale maabara kwa ajili ya wanafunzi.

Mara ya kwanza nilipofungua kabati nilipiga kelele. Karatasi zote za gome lililolowekwa kwenye spiriti zilikuwa na maduara safi, makubwa, ya kupendeza. Nikashika simu kumpigia mama. Mwenzangu wa benchi, msichana wa Burnt Forest aliyekuwa akipima majani ambayo nyanya yake huwapaka ng'ombe matiti yakivimba, aliinama juu ya sahani yangu bila haraka.

“Manze, wacha kushangilia,” alisema. “Cheki ile ya spiriti tupu.”

Nikaicheki. Karatasi niliyoilowesha spiriti peke yake, bila gome, ili iwe ya kulinganishia, nayo ilikuwa na duara kubwa la kupendeza. Sikuwa nimeziacha karatasi zikauke. Spiriti yenyewe ndiyo ilikuwa imeua, na gome lilikuwa limekaa tu humo likipokea sifa. Nilirudisha simu mfukoni. Mwenzangu alinicheka hadi akaketi chini, kisha akakagua sahani zake mwenyewe na kicheko kikamwishia, maana naye alikuwa amefanya vilevile.

Tulirudia. Safari hii tulikausha karatasi hadi hazikuwa na harufu hata ukizibandika puani. Na nilipofungua kabati sikupiga kelele, niliinama nikazitazama moja moja. Ile ya spiriti tupu haikuwa na duara. Za gome lililotolewa kwa spiriti zilikuwa nayo, madogo kuliko yale ya mwanzo lakini ya kweli, safi, yamezunguka karatasi kotekote. Upande wa asubuhi na upande wa jioni zilikuwa sawasawa, na hilo nalo lilinifurahisha kwa namna yake. Gome langu lilikuwa na kitu. Miaka yote ile ulimi wangu ulikuwa umesema kweli.

Kisha nikatazama karatasi ya maji, ile iliyonyonya dawa ya mama. Bakteria walikuwa wameifikia, wameizunguka, wamejaa hadi ukingoni. Hakuna hata mmoja aliyeonekana kusita.

Nilimwita mwalimu wetu, mwanamke wa pande za ziwa ambaye hatabasamu mpaka uwe umerudia kazi. Aliinua sahani kwenye mwanga wa dirisha.

“Mama yako anachemsha gome kwa spiriti?”

“Hapana, Daktari. Kwa maji.”

“Basi una majibu mawili, na usiyachanganye. Kile kitu kinachowasha hakipendi maji, kimebaki kwa gome. Anaosha mguu na rangi na harufu tu.” Akaishusha sahani. “Na hii ya spiriti usikimbie nayo. Hata dawa ya kusafisha choo inaua bakteria kwa sahani. Utamwosha mama yako kidonda nayo?”

Jioni hiyo nilimweleza mama yote. Nilianza na habari njema, kwamba gome lina nguvu, kisha nikasema kwamba nguvu hiyo haitoki kwa maji, kwa hiyo dawa yake kama anavyoipika imeshindwa. Nilisema imeshindwa kwa sauti ndogo, na nikahisi kama ninamvunjia kitu alichopewa na mamake. Hakukasirika. Alikausha mguu polepole kwa taulo, akitazama mbali na kidole.

“Nionyeshe,” alisema. “Nataka kuona na macho yangu.”

Mwalimu aliruhusu. Mama alikuja maabara akiwa na nguo za Jumapili, kilemba kipya, viatu vya wazi vya kumpisha kidole, na chupa ya chai kwa ajili ya mwalimu. Chai ilibaki mlangoni maana maabara haiingizwi chakula. Alisimama mbele ya benchi langu, mikono nyuma, kama alivyonifundisha mimi kusimama katika nyumba za watu.

“Yangu ni gani?”

Nikamwonyesha. Aliinama karibu na kifuniko hadi pumzi yake ikakifanya ukungu.

“Hakuna kitu hapa.”

“Hakuna, mama.”

“Na hii iko na kamviringo?”

“Hiyo ni gome lako, lakini tumetoa kwa spiriti.”

Alizitazama zote mbili, akarudi kwa ya kwanza, akarudi kwa ya pili. Nilidhani mambo yamekwisha, na nilikuwa nimeanza kumhurumia, alipoinua kichwa.

“Hizi vidudu ni za nani?”

“Za nani vipi?”

“Zimetoka wapi?”

“Ni za hapa maabara, mama. Zinafugwa.”

“Si za mguu yangu.”

“Hapana.”

“Basi hamjanipima mimi,” alisema mama. “Mmepima mguu ya mtu mwingine.”

Mwenzangu wa Burnt Forest aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Mimi nilitamani kuingia ndani ya kabati la joto. Mama alikuwa amepata mlango wa kutorokea makubaliano yetu, na ubaya ni kwamba mlango wenyewe ulikuwa wa haki. Nilimtazama mwalimu. Hakuwa anacheka.

“Mama, umeuliza vizuri,” alisema. “Hawa watoto hawaruhusiwi kutoa vidudu kwa mtu. Lakini hospitalini wanafanya hiyo kazi. Wanapitisha pamba kwa kidonda, wanapanda kile kimetoka huko, kwa sahani kama hizi hizi. Halafu wanaweka dawa tofauti tofauti waone gani itaviweza.”

“Wataweka gome?”

“Hapana. Wataweka dawa zao.”

Mama alikunja midomo. “Lakini vidudu vitakuwa vyangu.”

“Vyako mwenyewe. Hakuna mwingine anavyo.”

Aliinamia tena sahani. Kisha akauliza vinakua kwa muda gani, na kama vinahitaji kulishwa, na kama vya mguu wa kulia vinaweza kuwa tofauti na vya mguu wa kushoto, na kwa nini sahani hukaa kabatini imepinduliwa. Mwalimu alimjibu moja baada ya lingine. Nami nikiwa nimesimama hapo nikagundua ugonjwa wangu wa kuuliza ulitoka wapi. Miaka yote nilidhani nilizaliwa nao peke yangu.

Kwa hiyo mama alienda kliniki, na hakwenda kwa sababu ya kuogopa kukatwa mguu. Alienda kupandiwa vidudu vyake. Walimpitishia pamba kidondani, wakampima sukari, wakashtuka, wakamgombeza. Aliwaambia asante wote, kuanzia askari hadi aliyeshika pamba, na kila asante niliisikia kifuani. Nyumbani beseni liliendelea kama kawaida.  Vidonge vilikuwa juu ya kabati, na mimi nilikuwa nimechoka kuvitazama.

Majibu yalipotoka nilienda naye. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimweleza bila kuzunguka.

“Mama, tulipanda vidudu vyako. Iko dawa moja ambayo mimi ningekupa hivi hivi tu, ndiyo tunapeana kila siku. Vidudu vyako haviiogopi. Vimeimea juu. Lakini hii nyingine imeviua.”

Mama alisogeza kiti mbele. “Kwa hivyo mmeviuliza vyenyewe.”

Daktari alinitazama, akamtazama. “Ndiyo, mama. Tumeviuliza.”

“Na vikasema.”

“Vikasema.”

“Gome hamkuweka.”

“Gome hatukuweka.”

“Mngeweka,” alisema mama, lakini bila ugomvi, kama mtu anayemshauri jirani juu ya mboga. Kisha akauliza kuhusu kidole, kwa sababu aliona daktari anakitazama. Daktari akasema kidole kidogo kimeshaharibika na kitatolewa, ndipo mguu ubaki. Kwamba akichelewa tena hawatazungumza habari za kidole bali za mguu. Alazwe kesho, na dawa aanze leo, pamoja na zile za sukari.

Sikuweza kumtazama. Niliangalia viatu vyake vya wazi na kidole kile cheusi kilichofunguliwa kitambaa, ambacho mara nyingi nilikikata kucha nikiwa nimeketi chini mbele ya kiti chake. Mama alipitisha mkono juu ya goti lake, akalinyoosha gauni.

“Nilisema mahali mtasema niende nitaenda,” alisema. Alikuwa akizungumza na mimi.

Kidole kilitolewa. Mguu upo, na Jumapili unapanda ngazi za kwaya vizuri kuliko miguu ya watu wengi. Gome nami bado hatujaachana. Nataka kujua kile kinachowasha kinaitwaje, na kama kinaweza kukaa kwenye ngozi ya mtu bila kuichoma, na kazi hiyo ni ndefu kuliko nilivyodhani. Mama naye huniuliza limefika wapi. Lakini nikikumbuka mwaka ule, ninachokiona kwanza ni dirisha la dawa siku hiyo ya majibu.

Msichana wa dirishani alimweleza vizuri, hii asubuhi na jioni, hii baada ya kula, akasukuma pakiti kwenye kaunta. Mama alizichukua kwa mkono mmoja. Akazitia ndani ya mkoba, akaufunga, akageuka, akaanza kuchechemea kuelekea mlangoni. Hakusema kitu. Hakumtazama hata usoni. Watu wa foleni walinong'ona. Msichana alibaki na mkono juu ya kaunta, ameudhika.

“Kwani mama yako amekasirika?” aliniuliza.

Nilifungua mdomo nimwombee radhi, nimwambie asante kwa niaba yake. Nikaufunga upesi, nikamfuata mama.